Gari Lililokohoa Hadi Kikatiti

Sogezeni viti, mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunipa pole. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Levolosi ananiuliza lilelile: "Mwalimu, kulitokea nini huko Meru? Mbona Lazaro hasemi?" Wengine nimewajibu kwa kutikisa kichwa, wengine kwa kusema tu kwamba gari lilisumbua. Nimechoka kulitoa jambo hili vipande vipande, kila mtu na kipande chake, halafu mnakutana dukani mnaviunga vibaya. Naandika mara moja, lote.

Safari yenyewe si ndefu kwenye ramani. Ni kutoka Ngaramtoni, magharibi ya Mlima Meru, mpaka kijiji kilicho juu ya Kikatiti, upande wa mashariki. Mwenye gari zima anaimaliza kwa saa mbili akiwa hana papara. Sisi tuliondoka asubuhi tukafika saa kumi jioni, na tulitakiwa kufika saa sita mchana.

Saa sita hiyo ndiyo shina la kila kitu, kwa hiyo niieleze. Mwanangu Lazaro alitaka kumwoa Upendo, binti wa Mzee Kaaya. Tulikuwa tumepangiwa siku ya kwenda kubisha hodi, ikaangukia kwenye msiba wa kwetu, hatukwenda. Mzee Kaaya alielewa, akatupa siku nyingine, lakini aliniambia kwa simu, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara: "Jumamosi, saa sita mchana, Mwalimu. Wazee wangu watakuwa wamekaa. Mara ya tatu haipo."

Ngaramtoni

Ijumaa nililala kwa Baba Mkubwa. Huyu ni kaka wa marehemu baba yangu, ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu, na kwa hatua ile ya kwanza watu wawili wanatosha: mzee wa ukoo na mzazi wa kijana. Kwa hesabu yake mwenyewe anakaribia miaka tisini. Macho yake ni mazuri, masikio yake yanachagua. Ujanani aliendesha trekta miaka mingi katika shamba moja la kahawa, na mpaka leo ukimkaribisha kwenye gari hugonga kwanza boneti kwa kiganja, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

Asubuhi nilifungua boneti nikatazama maji na oili. Kila kitu kilikuwa sawa. Alhamisi gari lilikuwa limetoka Sombetini kwa fundi wangu Rama, ambaye amenishikia gari hilo kwa miaka kumi na mitano. Alibadilisha plagi na filta ya mafuta, akalizungusha mtaani, akanirudishia funguo akisema, "Mwalimu, hili hata ukienda kuposa mara mbili litakupeleka."

Baba Mkubwa akatoka ndani na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani mabichi. Waliokulia upande wetu wanaijua desturi hii: safari ya heri haiondoki kavu. Maziwa hunyunyizwa kwa majani juu ya kile kinachowabeba, kwa maneno ya kuombea. Sisi ni Walutheri wa vizazi vitatu na bado hatuoni ugomvi kati ya maziwa yale na sala ya mchungaji.

"Nenda kavae koti lako," akaniambia. "Kazi hii si ya mtu mwenye haraka."

Nikaenda. Tai ilinisumbua, nikakawia. Niliporudi nilikuta boneti imefungwa, matone meupe yako kwenye kioo na kwenye matairi, naye mzee ameshaketi kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Umemaliza, Baba Mkubwa?"

"Nimemaliza. Gari hili sasa haliwezi kutuaibisha."

Nikasema amina, na niliisema kwa moyo wote.

Kushuka mjini

Kutoka Ngaramtoni kuja mjini ni mteremko, na gari kwenye mteremko ni kama mwanafunzi siku ya mwisho wa muhula: halidaiwi kitu, kwa hiyo huwezi kujua linachokijua. Tulishuka vizuri. Maeneo ya Sakina nilitaka kulipita lori moja, nikakanyaga mafuta, gari likasita. Lilisita kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa anawaza kitu kingine. Kisha likakohoa mara moja, likaenda.

"Linasafisha koo," alisema Baba Mkubwa.

Mjini tulinunua blanketi la bibi yake Upendo, zuri, zito, la rangi ya damu ya mzee. Asali ya kubishia hodi tulikuwa nayo. Saa ilikuwa haijafika mbili na nusu. Nilijisifu moyoni kwamba tungefika mapema mno, itabidi tusubiri Kikatiti tukinywa chai ili tusionekane wenye njaa ya binti wa watu.

Tengeru, siku ya soko

Jumamosi Tengeru ni soko. Barabara inajaa mikungu ya ndizi, mikokoteni na watu wanaovuka bila kutazama kwa sababu wanajua wewe ndiye utakayetazama. Katika kusimama na kuondoka pale, gari likaanza kuumwa waziwazi. Likisimama, mngurumo unapanda na kushuka wenyewe. Nikikanyaga, linakohoa kuelekea mbele, si nyuma kwenye ekzosi. Taa ya injini ikawaka. Mbele ya mama mmoja muuza parachichi likazima kabisa.

"Baba, umekuja kununua au umekuja kunizibia?" akauliza.

"Limezima, mama."

"Basi nunua huku unangoja."

Nilinunua. Baba Mkubwa akala mawili akiwa ndani ya gari, kwa kisu chake mwenyewe, taratibu.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana najua mnaweza kulielewa hili hata kama hamjawahi kufungua boneti. Injini inapika. Inavuta hewa, inachanganya na petroli kidogo, inachoma. Kila kipimo cha hewa kina kipimo chake cha mafuta. Hewa ikizidi mafuta, moto unakuwa dhaifu na wa kuchelewa. Gari linakohoa, linakosa nguvu, linapata joto. Hiyo ndiyo njaa ya injini. Sasa, fikiria sherehe. Mlangoni kuna mtu anayehesabu wageni, jikoni kuna mpishi anayepika kwa hesabu ile. Wageni wakibaki na njaa, kuna njia mbili: ama mpishi alipelekewa mchele pungufu, ama mtu wa mlangoni alihesabu vibaya. Wageni walioingia ni hamsini, yeye alisema ishirini. Mpishi hana kosa. Mchele upo. Lakini watu wana njaa.

Haya nimeyafundisha darasani miaka thelathini, kwa mifano hiyohiyo. Siku ile yalinitoka.

Alikuja fundi kijana mwenye kimashine cha kupimia. Akakichomeka chini ya usukani, akasoma, akasema kwa sauti ya hakimu: "Mafuta machache, mzee. Mashine imesema."

Mashine haikusema hivyo. Mashine ilisema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, na hilo ni swali, si jibu. Lakini yeye aliishika njia ya kwanza tu, ya mchele, akaingia chini ya gari, akatoka na maneno yaliyonimaliza: "Filta hii nani alikufungia? Si nzuri hii. Umepigwa."

Nikampigia Rama.

"Rama, umenifungia nini?"

"Shikamoo Mwalimu. Kuna nini?"

Sikuitikia ile shikamoo. Naliandika hili kwa sababu nataka mjue nilipofikia. Nikamwambia gari limezima barabarani siku ya posa ya mwanangu, na fundi hapa anasema filta ni takataka.

"Mwalimu, filta ile ulikuja nayo mwenyewe. Ngoja. Nijibu kitu kimoja tu. Nani mwingine amelishika gari tangu litoke kwangu?"

"Hakuna!"

"Fikiria, Mwalimu. Mtu yeyote kafungua boneti?"

"Nimekwambia hakuna! Wewe ndiye wa mwisho!"

"Basi lirudishe hapa nilisikie. Ni dakika ishirini tu."

Nilimwambia sina dakika ishirini za kumpa mwizi. Nilisema neno hilo. Baba Mkubwa alikuwa kando yangu, anafuta kisu kwa karatasi, amesikia swali na jibu langu. Hakusema kitu, na sasa najua ni kwa nini: katika akili yake hakuna aliyekuwa amelishika gari. Kubariki si kushika.

Filta mpya ilibidi iagizwe mjini kwa bodaboda, na bodaboda naye akakwama sokoni. Nikampigia Rama mara ya pili, kisha ya tatu, kila mara nikiwa na tusi nililolikumbuka baada ya kukata. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomaliza chaji. Simu ikazima, na namba ya Mzee Kaaya ikiwa humo ndani. Kisimu cha Baba Mkubwa kina namba sita, zote za Ngaramtoni.

Maji ya Chai

Tuliondoka Tengeru ikikaribia saa sita. Kwenye tambarare gari lilienda kama limepona, nami nikasema kwa sauti, "Unaona? Ilikuwa filta." Halikuwa limepona. Lilikuwa halijadaiwa.

Saa sita kamili ilitukuta Maji ya Chai, tumesimama kando ya barabara, boneti wazi, moshi mwembamba wa joto unapanda. Nilitazama saa yangu. Niliwaona wazee wa Kaaya kwa macho ya moyo: wamekaa, wamevaa makoti, mmoja anatazama njiani.

"Watangoja," alisema Baba Mkubwa. "Mtu akingoja mgeni hatazami saa, anatazama njia."

"Walisema saa sita, Baba Mkubwa."

"Saa ya nani?"

Tukaongeza maji kwenye rejeta, tukaondoka.

Kikatiti

Kikatiti tulifika saa saba na robo. Nikaelekezwa kwenye duka la spea la mama mmoja ambaye watu wote walimwita Mama Spea, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mikono myeusi ya oili hadi kwenye viwiko. Nikamwambia haraka haraka: posa, saa sita, fundi wangu mwizi.

"Pole, baba. Tuanze na gari, mwizi tutamtafuta baadaye."

Akatoa plagi moja, akainyanyua juani. Kichwa cha plagi kilikuwa cheupe kama jivu.

"Ona. Mpya, lakini imeungua. Gari lina njaa."

Akaunga kipimo kwenye njia ya mafuta, akaniambia niwashe. Sindano ikasimama mahali pazuri, ikatulia.

"Mafuta yapo, tena yana nguvu. Aliyekutengenezea hakukuibia."

Nilisikia. Naapa nilisikia. Lakini hasira ina hili baya, kwamba ikishapata mtu wake haipendi kumwachia.

Akanyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira yote inayoelekea kwenye injini, kutafuta mahali panapovuta hewa ya wizi. Mapovu yalikaa vilevile. Hakuna tundu. Akafuta mikono, akasogea kwenye boksi jeusi la chujio la hewa, lile mafundi wanaloliita ea klina.

"Imebaki hapa. Nifungue nitazame sensa ya hewa. Dakika tano."

Ndipo Baba Mkubwa akashusha kioo.

"Hapo hapana ubaya, mama. Hapo nimepatazama mwenyewe asubuhi."

Mama Spea akanitazama, nami nikamtazama Mama Spea. Kama ni kijana aliyesema vile, angemwambia nyamaza. Lakini ni mzee wa miaka karibu tisini, ameketi ndani ya gari, amesema amepatazama. Mama akarudisha mkono.

"Sawa, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu, kama vile anavyosema amemwona simba pale penye kituo cha mafuta. Na saa ilikuwa inakwenda saa nane. Nikamshukuru mama, nikafunga boneti. Ananijia mara nyingi, yule mama, na mkono wake ukiwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye jibu.

Kupanda

Barabara ya kutoka Kikatiti kwenda juu ni nyekundu, migomba huku, kahawa kule, na haina huruma. Hapo ndipo gari lilipodaiwa deni lote. Gia ya kwanza. Linakwenda hatua hamsini, linakohoa, linazima. Tunaweka jiwe nyuma ya tairi, tunangoja lipoe, tunawasha. Wanawake waliotoka kukata majani ya ng'ombe walitupita na mizigo kichwani, wakatungoja juu ya kilima wapumzike, tukawapita, wakatupita tena.

"Baba," mmoja akaniambia, "liache gari, beba mzee. Utawahi."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka kidogo, kisha nikamwomba Baba Mkubwa tutembee. Ilikuwa imebaki kama nusu saa ya miguu kwa mtu mzima.

"Gari lililobarikiwa haliachwi njiani," akasema. "Tukiliacha hapa, tumeiacha na baraka hapa. Tutaingia kwa watu na nini?"

Tukaendelea na jiwe letu.

Kwa Mzee Kaaya

Saa kumi jioni gari liliingia uani likikohoa, likazimia mbele ya banda la ng'ombe. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara chini ya dirisha, vitupu. Mzee Kaaya alikuwa anavikunja, kimoja kimoja.

Tuliamkiana. Akamshika Baba Mkubwa mkono kwa mikono miwili, akamwongoza ndani kwa heshima yote. Hakupandisha sauti hata mara moja.

"Wazee wangu wamekaa hadi saa tisa," alisema. "Shangazi yake Upendo ametoka mbali, amepanda gari la kurudi. Karibuni mle. Mgeni hafukuzwi. Lakini saa sita nilikuwa nangoja washenga. Saa kumi nimepata wageni."

Upendo alileta maji ya kunawa. Alipofika kwangu aliuliza polepole, bila kuinua macho, "Simu ilizima, Baba?" Nikasema ndiyo. Akainamisha birika.

Tuliletewa loshoro, ya mahindi na mtindi mzuri, nzito. Nilikula kwa aibu. Nilieleza: gari limezima Tengeru, limezima Maji ya Chai, limewashinda mafundi wawili, tumepanda kwa jiwe. Mzee Kaaya alisikiliza, akatazama vumbi kwenye koti langu, akatazama miguu ya Baba Mkubwa. Nikaona uso wake unalegea.

"Gari bovu ni ajali," alisema mwishoni. "Mimi mwenyewe ninalo. Nilisema mara ya tatu haipo, na maneno yangu wazee waliyasikia. Lakini kwa ajali ya kweli naweza kuwaendea, nikawaambia macho yangu yameliona gari likifa hapa uani. Nipeni Jumamosi ijayo."

Ningeweza kumbusu mikono. Baba Mkubwa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua hilo tangu asubuhi.

Mzee Kaaya alibaki akiongea na mkewe, sisi tukatoka kwenda kwenye gari kuchukua blanketi na asali. Nililipiga tairi teke. Baba Mkubwa akanishika mkono.

"Usilipige. Nimelibariki mpaka puani."

"Puani wapi?"

"Pale linapovutia pumzi. Uliacha wazi boneti. Nikafungua vile vishikizo, nikanyunyizia ndani, nikafunga vizuri. Kwenye trekta nilikuwa nafungua kila asubuhi. Ukibariki mtu unamnyunyizia usoni, humnyunyizii visigino."

Nikasimama pale, mkono juu ya boneti.

Niwaeleze, kwa sababu hakukosea kwa ujinga. Trekta lile la zamani lilisafisha hewa yake kwa bakuli la oili. Kulowa kwake ndiko kufanya kazi kwake. Ungemwagia humo maziwa, lisingesema kitu. Lakini gari langu lina waya mwembamba kama unywele, uliopashwa moto, kwenye bomba la hewa baada ya chujio. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kadiri unavyopoa kompyuta inajua hewa ni kiasi gani. Yule ndiye mhesabu wageni mlangoni. Maziwa yakimrukia yanaungua juu yake, vumbi linagandia, naye anakuwa kama mtu aliyejifunika blanketi: upepo unavuma, yeye anasema ni shwari. Wameingia hamsini, anasema ishirini.

Na hapa ndipo mimi, si mzee, nilipoharibu. Mwalimu akipata jibu hawezi kukaa nalo. Nilifungua boksi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanipiga. Chujio lina madoa, waya umevaa ganda la kahawia. Nikamwomba mama mwenye nyumba chupa ya spiriti, ile wanayotumia kwa sindano za ng'ombe, nikauosha waya kwa matone, bila kuugusa, nikauacha ukauke, nikafunga. Kisha, bila kufikiri, kwa furaha tupu ya kuwa sahihi, nikawasha.

Gari lilinguruma laini kama siku niliyolinunua. Nikakanyaga. Likaitikia.

Nilipoinua kichwa, Mzee Kaaya alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe ni zima," alisema.

"Nimelitengeneza sasa hivi, Mzee."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa spiriti."

"Mafundi wawili, siku nzima, na jiwe. Halafu spiriti ya ng'ombe, nusu saa." Alingoja. "Lilikuwa na nini, Mwalimu? Niambie niwaambie wazee."

Baba Mkubwa alikuwa amesimama kati yetu, blanketi limemlala begani, ananitazama kwa uso ulionyooka. Naye alitaka kujua.

Hebu wekeni maneno mdomoni mwangu. Niseme kwamba baraka ya mkubwa wa ukoo wetu, aliyokuja nayo kuomba binti, ndiyo iliyoua gari? Niiseme mbele yake, kwenye ua wa watu, siku ya posa? Na hata ningeisema, nani angempa binti yake watu ambao baraka yao inafanya hivyo? Nilitafuta maneno ya katikati.

"Limepona tu," nilisema.

Mzee Kaaya alitikisa kichwa taratibu. Alilipokea blanketi kwa niaba ya bibi, kwa sababu zawadi hairudishwi. Asali aliiacha mkononi mwangu, wala ile Jumamosi ijayo hakuitaja tena.

"Mwende salama," alisema. "Usafiri mnao."

Kurudi

Tulirudi kwa muda usiozidi safari yoyote ya kawaida. Milima yote, gari halikukohoa hata mara moja.

"Nilikwambia," alisema Baba Mkubwa tulipopita Tengeru. "Haliwezi kutuaibisha."

Lazaro nimemweleza yote. Alinisikiliza amesimama.

"Ungesema, Baba."

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Hajaniambia kitu kingine tangu siku ile, zaidi ya salamu. Nimempigia Mzee Kaaya mara mbili. Anapokea, ananiuliza hali ya Baba Mkubwa, anasema Upendo hajambo.

Jumatatu yake nilikwenda Sombetini. Rama alikuwa ameinamia injini ya mtu. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi mbele ya mafundi wenzake, kwa kuwa ile simu waliisikia wote, na nikaomba. Alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mwalimu, mimi nilikuuliza swali moja tu," alisema, kisha akarudi kwenye injini ya yule mtu.

Baba Mkubwa hajui, na nawaomba mnaosoma hapa msimfikishie. Akiwa na safari atataka tena kulibariki gari, nami nitamshikia kibuyu mwenyewe, boneti ikiwa imefungwa.

Ninyi mna magari, na siku moja gari litawakoholea barabarani, na mtu atakuja na mashine isemayo mafuta ni machache. Usibadilishe kitu bado, wala usimpigie mtu simu. Zima injini, washushe wote waliomo, na umwulize kila mmoja amelishika gari wapi tangu lilipokuwa zima. Anza na mkubwa wao, kwa shikamoo, na usimwulize kama ameligusa. Mwulize ameliombea wapi.